Kitu Kizito Katikati ya Benchi

Benchi letu la mtaa wa Kamalondo liko mbele ya karakana ya Gauthier, fundi cherehani tunayemwita Sentimètre, na kahawa ni ya Mama Adolphine, ambaye hapendi kuambiwa sukari haitoshi. Mimi nakaa juu ya ndoo, naona wote. Zamani tulikuwa tukicheza dame, yaani drafti, kwa vifuniko vya soda, hadi siku mzee Ngosa alipomwambia Rigobert, mstaafu wa reli, Chef kwetu sote: “Nilipiga chafya tu, na weye ulisogeza kifuniko.” Chef akamjibu anunue miwani. Ngosa akaenda zake, kikombe hakukimaliza. Mvua zilikuwa bado zinanyesha; sasa vumbi limerudi, yeye hajarudi. Chef anasema Ngosa ndiye aje kuomba msamaha, nasi tumenyamaza. Mimi kutokuwepo kwake kunaniuma kila asubuhi, maana ndiye peke yake aliyekuwa akicheka vichekesho vyangu.

Leo asubuhi akaja Exaucée, mtoto wa dada yake Mama Adolphine, anayesoma fizikia chuoni. Djo, mtengeneza simu tunayemwita Satellite kwa sababu anajua kila kitu robo, hakumpa hata muda wa kusalimia.

— Exaucée, banakufundisha nini sasa kule université?

— Kutafuta magalaksi ya kidogo, tonton. Ile haina mwangaza.

— Unatafuta kintu haionekane?

— Njo vile.

— Na bazazi banalipa minerval, ile feza ya masomo, juu ya ile?

Akacheka. Kisha akachora kwa kidole mezani kwa Mama Adolphine, palipomwagika kahawa.

— Kule mbali sana kuko galaksi moja inawaka. Mbele yake kuko ingine, nzito. Mwangaza ya ile ya nyuma ikipita pembeni ya ile nzito, inapinda, inafanya kama duara. Sasa ile duara ikibonyea kidogo fasi moja, bila sababu, tunajua pale kuko kagalaksi kanajificha. Haina taa, lakini iko na buzito yake. Yenyewe haionekane. Tunaijua juu mwangaza ya bengine inapinda.

Sentimètre alikuwa amekaa mwisho kabisa wa benchi, nusu tako hewani, lakini hilo halikumzuia kujibu.

— Ni sawa na suruali. Nguo ikivutika, minajua muntu iko na kintu mu mfuko. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba inaingia wapi pale? aliuliza Chef. Sikia, mutoto. Ile haiko giza ya bule. Banazima taa. Mule mu kambi ya reli, bantu ba taxe, ba kodi, bakipita, avenue yote inalala saa kumi na mbili.

— Papa Rigo, mu mbingu hamuna taxe.

— Unajuaje? Ulifika?

Satellite akainua kijiko.

— Miye minasema ni délestage, banakata umeme kwa zamu. Galaksi ya bakubwa inawaka, ya badogo courant haifike. Mutoto wa nyoka iko nyoka.

Hakuna aliyeuliza nyoka alifuata nini. Chef alikuwa ameanza kufikiri, na Chef akifikiri hukunja uso mzima.

— Ngoja. Ulisema iko nzito?

— Nzito, papa.

— Na iko giza?

— Iko giza.

— Na bantu benye kujua fasi yake iko kiloko, kidogo tu?

— Kiloko sana.

— Basi ni kobalti.

Sentimètre akashusha sauti kwa heshima.

— Weye Exaucée, usiseme ile mambo mu njia. Bacreuseurs, bachimba kobalti, bakisikia, kesho banapanda na bêche ya kuchimbia.

— Na kesho kutwa, alisema Satellite, camions za muzigo zinapanga mustari toka kule juu mpaka Kasomeno, njia ya mupaka.

Mimi nikasema labda leseni ya kuchimba itatoka kwa Mtakatifu Petro. Hakuna aliyecheka.

Exaucée alikuwa amechoka kusimama. Akatafuta pa kukaa: Chef na Satellite wamebanana upande mmoja, Sentimètre ananing'inia upande wa pili. Alipoinama kuketi katikati, wote watatu walisema pamoja:

— Si pale.

Akasimama, akawatazama.

— Ba papa, munabanana juu ya nini? Katikati kuko fasi. Kunaikalaka nani?

Satellite akaanza kusoma simu iliyozimika. Sentimètre akakunja tepu yake, akaikunjua. Chef alikoroga kahawa ambayo hajaitia sukari. Na pale katikati, juu ya ubao, kulikuwa na kikombe kimoja kimejaa, kama jana na juzi, kwa sababu Mama Adolphine humimina tu, mkono umezoea.

Chef akainuka, akakichukua.

— Unaenda wapi? aliuliza Mama Adolphine.

— Kahawa ya Ngosa inapoa.

— Utasema naye muzuri?

— Miye sikusogeza kile kifuniko.

— Chef.

— Nitasema naye muzuri.

Akaondoka polepole, kofia amekifunikia kikombe kwa ajili ya vumbi. Satellite akaenda kutafuta ubao wa dame. Sentimètre, alipoona benchi lote ni lake, alisogea hadi katikati, akajinyoosha. Kisha akakumbuka, akarudi mwisho, nusu tako hewani, akangoja.