Jiko la Wageni

Viongozi wa dini, ndugu, majirani, na ninyi wa bodi ya shule mliokaa mstari wa mbele, kwa niaba ya familia nasoma maisha ya dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Uji.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1966, mtoto wa pili kati ya sita, akamaliza darasa la saba mwaka 1980, akafaulu, ila karo ikaenda kwa kaka, naye hakununa. Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na fundi cherehani, shemeji yetu huyu, wakajaliwa watoto wanne, wa mwisho akiwa muuguzi.

Mwaka 1989 aliajiriwa kuwa mpishi katika shule ya bweni iliyo hapo ng'ambo ya barabara, akapanda hadi mpishi mkuu, akawapikia wanafunzi mia sita kwa kuni, katika jiko lenye dirisha moja, macho yakawa mekundu hata siku ya harusi ya binti yake.

Tarehe 9 Machi 2015 wafadhili walizindua jiko jipya la gesi ya samadi, itokanayo na ng'ombe wa shule yenyewe, utepe ukakatwa, Mama Uji akapigwa picha akiwasha moto usio na moshi, na picha hiyo, tumeambiwa, ilitembea dunia nzima. Wafadhili walipoondoka, bodi ikaamua kwamba masufuria makubwa yatalichakaza jiko kabla hawajarudi kulikagua, basi likapigwa kufuli, kama vile vikombe vizuri vya kabatini, likawa la kuchemshia chai ya wageni tu, na gesi ilipozidi, mlinzi alifungua koki akaiachia hewani. Jamani, hewani, na upande wa pili wa ukuta dada yetu anapuliza kuni mbichi! Aliuomba ufunguo kila muhula, akaambiwa avute subira. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu wageni walikuja, na mwenyeji hakupona.

Alianza kukohoa mwaka 2018, akadhani ni mafua, na hospitalini daktari alipomuuliza anavuta sigara ngapi kwa siku, alicheka mpaka pumzi zikamkatika, akasema, "Daktari, mimi navuta kuni." Alifariki tarehe 2 Juni 2024, alfajiri, binti yake amemshika mkono. Jana mwenyekiti wa bodi alikuja kutuomba, kwa upole, tuandike kwamba aliugua kwa muda mfupi. Aliugua miaka sita. Tumeandika sita, na tuna hasira, na hatuiombei radhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompa oksijeni, majirani waliokesha nasi, na hasa wapishi wenzake, ambao hamwaoni hapa kwa sababu wako shuleni wanawapikia ninyi chakula cha msiba, kwa kuni, kwa kuwa tulipouliza tuliambiwa waombolezaji si wageni rasmi. Moshi ule juu ya madarasa ni wao. Mwenyekiti, ufunguo unao wewe, na kwa heshima zote, jeneza hili halinyanyuliwi mpaka mlango ule ufunguliwe na akina mama wale wahamishe masufuria yao.

Dada, wewe pumzika kwa amani, sisi tumekaa tunasubiri.