Mtoto Wetu Ana Mbio

Kwenye benchi lililoegemea kibanda cha kinyozi, kahawa ilikuwa imebaki kidogo na maneno yamejaa pomoni. Mama Mshale alifika akihema, kiatu cha kuazima mkono huu, kiatu mkono ule, vitambaa vimeshindiliwa ndani maana viatu vilikuwa vikubwa. Uwanja ulikuwa nyuma ya ukuta tu, na wachaguzi wa shule ya michezo walishasema: mtoto akiitwa asionekane, basi, haitwi tena. Alikuwa amemwacha binti yake hapa hapa, akimwambia amsubiri, asitoke. Sasa palikuwa na wanaume watatu, mtoto hakuna.

— Jamani, mwanangu yuko wapi?

— Yupo, shemeji, anapasha mwili, alisema Redio, aliyeijua michezo yote ya dunia kwa kuisikiliza. Kaa kwanza, tunamjadili yeye. Mimi nasema bila tajiri hafiki popote. Huko juu mtoto ana daktari wa goti la kulia na daktari wa goti la kushoto!

— Hebu toka! Kinyozi alimkatiza, mkasi hewani, mteja wake ndani kanyolewa upande mmoja. Mtoto wa tajiri hukimbia na mbwa. Wa maskini hukimbizwa na mbwa huyo huyo. Nani atakuwa na kasi?

— Ndiyo maana maskini akipata makalio hulia mbwata! Huyo alikuwa Nusu-Bingwa, ambaye zamani alikimbia nusu ya mbio fulani, na nusu iliyobaki anaisimulia mpaka leo. Yaani misuli ni ya maskini, wahenga walishapima.

— Kaka zangu, watamwita sasa hivi, na viatu ninavyo mimi...

— Haraka haraka haina baraka, shemeji, alisema Kinyozi.

— Ni mbio, kaka! Mbio!

— Hata mbio. Mwenda pole hajikwai.

— Basi matajiri wasitoe viatu, alisema Redio. Watoe mbwa. Kila shule mbwa wawili.

— Na mbwa wenyewe wasipewe chakula! alisema Kinyozi.

— Na tajiri mwenyewe atangulie mbele, pochi mkononi, alimalizia Nusu-Bingwa. Rekodi gani haitavunjika hapo?

Wakacheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Ng'ambo ya ukuta kipaza sauti kikakoroma: wasichana wadogo, mstarini! Mama Mshale akavibana viatu kwapani.

— Anapasha mwili wapi?

— Nimemtuma betri, duka la chini, alisema Redio. Si mazoezi hayo?

— Betri? Kinyozi alishangaa. Mimi nimemtuma wembe, duka la juu.

Nusu-Bingwa akakohoa.

— Mimi nilimwambia apitie kwangu, anichukulie miwani. Mtoto wetu ana mbio, bwana.

— Sasa kaanza wapi? Yuko wapi saa hizi?

Nusu-Bingwa akainamisha birika juu ya kikombe. Halikutoka hata tone.

Mama Mshale hakungoja. Akapandisha sketi magotini, akatimka kuelekea duka la chini, huku akiliita jina la mwanawe kwa sauti iliyopasuka. Nyuma ya ukuta filimbi ikalia.

— Lo, mtazame huyo mama! alisema Nusu-Bingwa, akinyanyuka kidogo aone vizuri. Kumbe kipaji kiko kwenye damu!

— Ndiyo hivyo, alisema Redio, akitikisa kichwa kwa huruma. Tatizo wamekosa mtu wa kuwasaidia.