Nélida Barzola, Mwalimu Aliyewataka Wapinzani Wake Mezani

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Mei 1949 hapa Rosario, Argentina, mtoto wa pili wa Evaristo Barzola, mfanyakazi wa kiwanda cha nyama, na mkewe Delia.

Baada ya shule za mtaani aliingia chuo kikuu mwaka 1968 kusomea falsafa. Alijiunga na vijana wa Kimaksi, akaamini kama wenzake kwamba uchaguzi ni kiini macho cha matajiri. Mwaka 1976 jeshi lilipindua serikali. Marafiki zake wawili walichukuliwa na wanajeshi, hawakurudi. Nélida alikimbilia Mexico, na huko akatambua thamani ya kura aliyoidharau. Hakuacha kupigania wanyonge. Aliacha kuamini kwamba tabaka moja litawakomboa wote, au kwamba siku moja ubishi utakwisha.

Alirudi Desemba 1983, utawala wa jeshi ulipokwisha, akafundisha nadharia ya siasa hadi alipostaafu. Wanafunzi walipouliza nadharia hiyo inaisaidia nini demokrasia ya leo, aliwaleta kwenye mikutano ya mtaa wetu.

Mwaka 2002, uchumi ukiwa umeanguka, zahanati ya mtaa ilitakiwa kufungwa. Nélida alitaka kamati ya kuitetea iwe na wenye maduka, walokole na akina mama wa nyumbani. Rubén Tassara, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, alikataa.

"Siku hizi wafanyakazi wamekuchosha, eh, mwalimu?"

"Hawajanichosha, Rubén. Baba alikuwa mfanyakazi. Mama alifanya kazi kuliko yeye, na hamkumhesabu. Sasa zahanati ikifungwa, nani hataugua?"

Kura zikapigwa, Nélida akashindwa. Kesho yake alifika kubeba bango la walioshinda. Lakini watu wa reli peke yao hawakutosha, na mwezi uliofuata aliomba kura irudiwe. Safari hii alishinda, kisha akampendekeza Rubén awe mwenyekiti.

"Unanitega?"

"Nakuhitaji. Nani mwingine atanipinga vizuri?"

Zahanati haikufungwa.

Yeye na Rubén walioana tarehe 9 Aprili 2005. Hawakujaliwa watoto, na hawakuwahi kukubaliana juu ya mgombea yeyote.

Maradhi ya mapafu yalimwanza Nélida mwaka 2021. Oktoba 2023, akiwa hawezi kutembea, alidai kupelekwa kupiga kura.

"Bibi wewe, nikusukume mpaka kituoni ukaifute kura yangu?" Rubén alilalamika.

"Sukuma, mzee. Foleni inaongezeka."

Alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Walipiga kura tofauti, wakarudi nyumbani kunywa ile chai yetu chungu ya yerba.

Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 2 Novemba 2023, Rubén akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume wake Rubén, dada yake Elsa, mimi Zulema mtoto wa dada yake, na wanafunzi wengi, wakiwemo wasiokubaliana naye hata leo.

Udongo uwe mwepesi juu yake. Zahanati inatishiwa tena. Mkutano ni Alhamisi saa moja jioni, na mwenye la kupinga aje alipinge mbele yetu.