Mama Mizani na Daraja la Malori Yanayofuatana

Ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kutushika mkono, dada yetu, mliyemzoea kwa jina la Mama Mizani, alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana, na tangu utotoni hakukalia kiti kabla hajakitikisa, tabia iliyomuudhi sana baba yetu aliyevitengeneza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971, akaendelea na sekondari ya wasichana, akahitimu uhandisi mwaka 1988 na kuajiriwa idara ya barabara, akianzia kituo cha mizani ya malori. Hapo alikutana na shemeji yetu, dereva, ambaye siku ya kwanza dada alimrudisha akapunguze mzigo, na safari iliyofuata shemeji akaja na mzigo halali na shati lililopigwa pasi, wakafunga ndoa tarehe 14 Desemba 1991, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mwana, ambaye ni fundi umeme.

Mwaka 2006 alikabidhiwa usanifu wa daraja jipya, chini ya kilima ambacho shemeji alikishuka kila wiki, na kwa kuwa takwimu za mizani zilionyesha malori mazito ni machache, wakubwa walitaka michoro ipite upesi. Shemeji aliposikia, wakiwa mezani, alicheka: “Mke wangu, mizani yenu inapima waoga tu, sisi wengine tunapashana habari kwa taa, tunangoja mfunge.” Dada yetu akaacha kula.

Alikataa kusaini, akaomba mizani nyingine ifukiwe chini ya lami, ya kupima lori likiwa mwendoni, akaitwa mkaidi na mchelewesha maendeleo, na hata nyumbani hapakuwa shwari, maana madereva walimnunia shemeji kwa kutoboa siri. Vipimo vya mwaka mzima vilionyesha kwamba malori mazito ni mengi, tena hayaji moja moja, yakishuka kilima hubanana na kuingia darajani mawili matatu kwa pamoja, basi mihimili ikaongezwa unene, na mkuu wake aliyempinga akawa wa kwanza kumpa mkono. Baadaye alituambia kwamba hakuwa akiliogopea daraja, alikuwa akimwogopea mtu wake.

Agosti mwaka jana aligundulika kuwa na saratani, akatibiwa kwa miezi kadhaa, akafariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia na kulala nasi matangani, wafanyakazi wenzake, na madereva ambao malori yao yamepangwa hapo nje kumsindikiza, kupitia daraja lake, hadi makaburini ng'ambo ya mto. Asubuhi hii walimuuliza shemeji kama wapite darajani moja moja, kwa tahadhari, naye akawajibu, “Fuataneni tu, alilipigia hesabu sote tukiwa juu yake.”

Pumzika kwa amani, dada, tunavuka nawe.