Wilfred Tapley, Mwigizaji Aliyeogopwa Makole

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu wa hapa Gulwe, majirani mliosafiri kutoka Dodoma, na wote mliokuja kusimama nasi leo Jumamosi, tarehe 20 Juni, 1998, wakubwa shikamooni, na wengine wote poleni na msiba. Naitwa Yotham Chilongani, marehemu alikuwa shemeji yangu, na karatasi hii niliiandika jana nikiwa nimeketi na dada yangu Edina, mjane wa marehemu, yeye akisema na mimi nikiandika, na kuna mahali nilisimamisha kalamu nikamwuliza kama kweli anataka hilo lisomwe mbele za watu, akasema lisomwe kama lilivyo.

Marehemu Wilfred Ernest Tapley alizaliwa tarehe 14 Machi, 1926, katika mji wa Grimsby, pwani ya mashariki ya Uingereza, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu, baba yake akiwa mpakuaji wa samaki bandarini na mama yake fundi cherehani. Alisoma hapohapo Grimsby mpaka mwaka 1940, akaacha shule akiwa na miaka kumi na minne, akafanya kazi ya ukarani wa stoo, na mwaka 1944 akachukuliwa jeshini, ambako alihudumu hadi 1947 bila kupelekwa mstari wa mbele. Huko jeshini ndiko alikopanda jukwaani mara ya kwanza, katika mchezo wa kuwachangamsha askari, akaigiza bibi kizee anayetafuta kuku wake, na afisa wake mwenyewe akainuka kumpisha kiti.

Mwaka 1948 alijiunga na kundi la maigizo lililokuwa likizunguka miji midogo kwa basi bovu, mwaka 1953 akaonekana katika filamu yake ya kwanza akiwa mlinzi wa lango asiyesema neno, na kuanzia hapo hadi mwaka 1986 alicheza katika filamu zaidi ya sitini na michezo mingi ya televisheni. Aliwahi kuwa jaji, mpishi, padri, mlevi, kanali, mwizi wa farasi na mchimba makaburi, lakini mhusika mkuu hakuwahi kuwa, wala jina lake halikuandikwa kwa herufi kubwa, na watu wa London walikuwa wakimsimamisha barabarani wakidhani ni daktari wao wa meno. Pamoja na ustadi wote huo alikuwa mwoga wa kazi yake, alitapika kila asubuhi ya kuanza filamu mpya, na alimwambia dada kwamba hofu yake ilikuwa moja tu, kuwa ipo siku ataingia ndani ya mtu mwingine asione mlango wa kutokea.

Mwaka 1955 alifunga ndoa na Bi Margaret, wakaishi pamoja bila kujaliwa mtoto hadi mama huyo alipofariki mwaka 1979.

Mwezi Juni 1987, wageni walipoanza kuruhusiwa kuingia na shughuli zao za kila namna, kampuni moja ya filamu ilikuja hapa Gulwe kwa majuma sita, nanyi wazee mnakumbuka walivyoipaka stesheni rangi upya ili ifanane na ya enzi za Mjerumani. Marehemu alikuwa ndiye bwana stesheni katika filamu hiyo, na dada yangu Edina, aliyekuwa mjane mwenye watoto wawili, Loisi na Gabrieli, aliajiriwa kushona nguo zilizochanika. Siku ya kwanza alimpima mabega mzee mnene mwenye masharubu na sauti ya ukali, kesho yake akaja mzungu mwembamba mpole kurudisha sindano aliyoikuta kolani, na dada alimpokea vizuri akamwuliza, "Yule bosi wako mkali hajambo?" Mzee alicheka mpaka akakaa chini.

Filamu ilikwisha, wenzake wakaondoka, yeye akaandika barua, akarudi, na siku ya Jumamosi, tarehe 3 Desemba, 1988, wakafunga ndoa katika kanisa hili, akawalea Loisi na Gabrieli kama wa kwake. Mwaka 1989 walihamia Dodoma, mtaa wa Makole, dada akafungua chumba cha ushonaji na mzee akafundisha maigizo katika shule ya sekondari, akijifunza Kiswahili polepole, akimwamkia kila mtu shikamoo hata watoto wadogo.

Sasa nafika pale nilipowaambia.

Mwaka 1992 mabanda ya video yalikuwa yamefunguliwa kila mtaa, na moja lilikuwa la ndugu Khamisi, mwenyeji wa Kondoa, aliyekuwa akileta kanda kutoka Dar es Salaam bila kujua zina nini. Jumamosi ya tarehe 10 Oktoba, jirani yetu Bupe, mpiga chapa wa ofisi za Bunge, alikuja cherehani ikiwa inazunguka, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Loisi, shikamoo. Baba Loisi yuko kwenye video ya Khamisi, na watu wanasema maneno mabaya." Ilikuwa filamu ya mwaka 1964, mzee akiwa daktari wa hospitali ndogo ya milimani, anayewalaza wagonjwa na kuwatoa damu mpaka wakauke, kisha anaipanga kwenye chupa. Mnajua jinsi habari za mumiani zinavyotembea katika nchi hii, habari za watu wanaovizia wenzao ili wawanyonye damu, na hapo mtaani kulikuwa na mama mmoja, Anjelina, muuza mlenda mkavu nyumba kwa nyumba, ambaye hakuonekana tangu Jumatano, na mara ya mwisho alionekana akiingia kwenye geti la mzungu.

Jumapili alasiri dada alijifunika kanga akaenda kuketi benchi la nyuma. Uso ule hakuutambua, ulikuwa wa mtu mwingine kabisa, na moyo wake ulikuwa umeanza kutulia, mpaka yule daktari alipokunja mkono wa kushoto wa shati, mara moja, mara mbili, akaulainisha kwa kidole gumba, kama alivyofanya mumewe kila siku kabla ya kuosha vyombo. Akaona ile mikono ikishika kisu. Alitoka kabla ya mwisho, na nyumbani mzee akamwuliza, "Umetoka wapi, mama Loisi, mbona umepauka?" Akajibu ni jua. Asubuhi yake mzee alimpikia chai kama kawaida, dada akasubiri atoke, akaimwaga nje, akaosha kikombe mara tatu, na anasema hajawahi kuona aibu kama ile wala woga kama ule, kwamba mtu aliyekula naye miaka minne alikuwa amegeuka mgeni mezani pake.

Jumatatu hiyo, yapata saa tisa mchana, walikuja. Dada alisikia kwanza vishindo vya miguu, halafu geti likalala chini, na uani wakajaa watu kiasi cha mia moja, wengine majirani aliowashonea sare za watoto wao, wakiwa na mawe na rungu. Mbele yao alikuwa Charles, kaka yake Anjelina, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Tupeni mtu wetu!" walipiga kelele.

Mzee alitoka mlangoni akiwa na taulo begani. "Mtu gani, ndugu zangu?"

"Dada yangu aliingia humu Jumatano," Charles alisema. "Hajatoka."

"Alituuzia mlenda, akaenda zake."

Jiwe likarushwa, likampasua juu ya jicho, damu ikamtiririka mpaka kidevuni, na mzee akashika nguzo ya mlango asianguke. Charles hakumtazama yeye tena, alimtazama dada yangu, akamwuliza kwa upole uliotisha kuliko kelele, "Mama Loisi, wewe ndiye unayeishi naye. Unaapa kuwa mtu huyu hana hatia?"

Dada yangu akanyamaza.

Hapa ndipo niliposimamisha kalamu. Anasema alifungua mdomo na neno halikuja, kwa sababu alikuwa akiuona ule mkono wa shati, na katika kimya hicho umati ulisogea hatua moja, kila mtu akaisikia, na mumewe akageuka kumtazama, akaona kwamba mkewe anamwogopa.

Aliyemwahi ni Mzee Ebenezer, balozi wetu wa nyumba kumi, aliyefika akihema, akasimama katikati akasema hakuna atakayemgusa mtu kabla nyumba haijapekuliwa, akachagua wanne pamoja na Charles. Chumbani kwa mzee walilikuta sanduku la bati, wakalitoa uani na kulifungua juani, ndani mlikuwa na nywele za watu, pua, masikio, meno, na chini kabisa chupa ya kitu chekundu kizito. Kelele iliyotoka hapo dada anasema anaisikia hadi leo. Mzee akajaribu kueleza, Kiswahili kikampotea, akawa anasema, "Ni ya mchezo, ni ya mchezo," akinyoosha mkono aichukue ile chupa aionje mbele yao, na dada akaelewa kwamba watu wakimwona mzungu huyu anakunywa kitu chekundu, hatamaliza hata funda moja.

Akamnyang'anya Charles chupa, akainywa yeye.

Ndugu zangu, dada yangu alikunywa bila kujua ni nini. Mnaweza kudhani mumewe aliwahi kumwonyesha, lakini hapana, sanduku lile alikuwa hajawahi kulifungua, na alimeza akiamini nusu kwa nusu kwamba ni damu ya Anjelina. Akaionja, ulimi ukifanya kazi, kisha akasema, "Ni sukari." Akampa Charles chupa. Charles akachovya kidole, akaonja, akachovya tena, akaketi chini pale uani na kuanza kulia, kwa sababu bado hakujua dada yake yuko wapi.

Balozi aliwapeleka mzee na dada kituo cha polisi kwa usalama wao, akaenda stesheni kuomba simu ya reli ipigwe njia nzima, na Jumanne asubuhi jibu likatoka hapahapa Gulwe, kwamba Anjelina alipanda treni Jumatano ile ile baada ya kuletewa habari kuwa binti yake ameshikwa na uchungu, na yuko salama na mjukuu wa kike. Alirudi Alhamisi, akakuta ndugu zake hawawezi kuinua nyuso.

Kuhusu kile kimya, mzee alikigusa mara moja tu, siku waliporudi nyumbani, kichwa kikiwa na bandeji. Alisema, "Uliniogopa, mama Loisi. Nimefanya kazi hii miaka arobaini nikitaka watu waamini, na hakuna aliyewahi kuniamini kama wewe. Sitaki tena kuaminiwa hivyo." Wakalia wote wawili, na kuanzia siku hiyo hakukubali nafasi yoyote yenye kisu.

Mwezi Januari 1993, kwa ombi la balozi, alilipeleka sanduku lake kwenye banda la Khamisi mchana kweupe, akajigeuza mbele ya watu, akawa mlevi, akawa askari, akawa bibi kizee, akieleza kila kitu kinavyobandikwa. Wengi walicheka, wachache walitoka nje wakiogopa zaidi, nasi tuseme ukweli kwamba wako waliohama njia yake mpaka mwisho. Charles alibaki kumsaidia kukunja nywele za bandia, na baadaye akawa mwigizaji mwenzake katika filamu tatu za video walizotengeneza Dodoma na Kondoa kati ya mwaka 1995 na 1997, za mwisho katika maisha ya marehemu. Lakini nyumbani woga haukuisha, dada aliweka komeo la chuma, na mzee hakuketi tena akiwa ameipa barabara mgongo.

Marehemu alianza kuugua moyo mwezi Agosti 1997, miguu ikivimba na pumzi ikikata, akalazwa mara nne katika hospitali ya mkoa, na mara ya mwisho alilazwa tarehe 2 Juni mwaka huu. Siku ya Jumatano, siku moja kabla ya kuondoka kwake, alimwomba dada asogeze kiti, akamwambia, "Nimekufa mbele ya kamera mara thelathini na moja, kwa risasi, kwa sumu, kwa kuanguka darini, na kila mara kulikuwa na mtu wa kuniambia inuka, tumemaliza. Hii ya sasa sijaifanyia mazoezi. Ninaogopa." Dada hakumwambia asiogope. Alimjibu, "Na mimi ninaogopa, baba Loisi, basi tuogope pamoja," akapanda kitandani akalala ubavuni mwake, na muuguzi wa zamu alipowakuta akavuta pazia akawaacha. Alifariki Alhamisi, tarehe 18 Juni, 1998, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, na dada yake mmoja huko Grimsby, aliyetuletea simu ya rambirambi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa, hasa yule aliyevuta pazia, inawashukuru walimu wenzake na wanafunzi, Mzee Ebenezer, Bupe, na majirani wa Makole mliokesha nasi, na mama Anjelina aliyepika tangu Alhamisi bila kuketi. Jeneza mnaloliona limetengenezwa na Charles na wenzake, na yeye ndiye aliyemvalisha marehemu nguo za mwisho, akamwacha na uso wake mwenyewe.

Ombi la familia ni moja. Dada yangu ameniambia anaiogopa ile nyumba, hajui ataingiaje peke yake kesho kutwa, kwa hiyo ninyi wa Makole, tunaomba mpite, mpige hodi, muingie mketi naye hata kama hamna la kusema.

Shemeji Wilfred, umefika. Pumzika, na Mungu akupe amani.