Kufuli la Mlangoni kwa Mwalimu Ushahidi

Ndugu, jamaa, majirani na wanafunzi wa marehemu, historia hii inasomwa na mdogo wake wa kumfuata, kwa niaba ya familia, na tunaomba utulivu hadi mwisho, kwa sababu asubuhi ya leo zilikuwepo karatasi mbili, moja imemtaja mjane na nyingine imemruka kana kwamba hajapata kuwepo, na inayosomwa hapa ni ile iliyomtaja.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Ushahidi, alizaliwa tarehe 14 Septemba 1949, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya fundi viatu, baba yetu, karibu na daraja la reli, akiwa wa pili kati ya watoto watatu. Cheti chake kinasema tarehe 1 Januari 1951, maana karani wa siku zile aliwagawia watoto wa mtaa mzima tarehe moja ili awahi kufunga ofisi, lakini mama yetu alishikilia hadi kufa kwake kwamba uchungu ulimshika siku daraja lilipofunguliwa, na marehemu alipokuwa kidato cha pili alikwenda mwenyewe kulitazama lile jiwe la ufunguzi, akaikuta tarehe imechongwa, na tangu hapo akawaamini mama na jiwe, akamwachia karani cheti chake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957, akaingia sekondari mwaka 1965, akahitimu chuo cha ualimu Desemba 1971, na Januari iliyofuata akaajiriwa kufundisha historia katika sekondari ya wavulana iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, alikodumu hadi alipostaafu Septemba 2009, kwa umri wa jiwe na si wa cheti, jambo lililomkosesha mshahara wa mwaka na zaidi na kumpa mkewe la kusema kwa muda mrefu.

Waliosoma kwake hawajasahau somo lake la kwanza, ambapo mfagiaji wa shule aliingia darasani bila hodi, akapiga teke ndoo ya maji, akagombana na mwalimu, akatoka, kisha kila mwanafunzi akaambiwa aandike alichokiona, na darasa zima likatofautiana, huyu kaona ndoo nyekundu, yule kasikia matusi ambayo hayakutamkwa, na hakuna hata mmoja aliyekusudia kudanganya. Hapo ndipo alipowaambia kwamba kuna masimulizi, kuna maandishi na kuna vitu vyenyewe, kwamba aliyekuwepo ana uzito kuliko aliyehadithiwa, lakini hata aliyekuwepo huulizwa maswali, kisha akawapeleka wote mbele kutazama maji yalikomwagikia.

Tarehe 11 Juni 1977 alifunga ndoa na mpiga chapa wa ofisi ya shule hiyo hiyo, ambaye ndiye mjane wake, na wakajaliwa watoto wanne, fundi umeme, muuguzi, dereva wa lori, na kitinda mimba aliye mwalimu kama baba yake, pamoja na wajukuu tisa.

Kuhusu ugonjwa, familia inaomba msikilize kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo maneno yalipoanza. Mwaka 2021 marehemu alianza kusahau, kwanza majina, kisha njia, na Agosti 2023 alitoka nyumbani alfajiri amevaa tai, akienda kufundisha darasa lililokwisha kuhitimu zamani, akaponea chupuchupu kugongwa na lori pale njia panda. Tangu siku hiyo mkewe alifunga mlango kwa kufuli kila alipokwenda sokoni au duka la dawa, na majirani walioliona kufuli hilo hawakuota, lilikuwepo.

Ni kweli pia kwamba marehemu alisimama dirishani akawaambia wapita njia kwamba amefungiwa na hajala tangu jana, na kwamba dada yetu mkubwa, aliyeketi hapa mstari wa mbele, alimpelekea chakula Jumapili moja, marehemu akakifagia chote, na dada akatoka pale akilia. Dada hakutunga, alisimulia alichokiona na alichokisikia kwa masikio yake kutoka kinywani mwa mwenyewe, na kutoka kwake yakafika mbali, hadi leo chini ya turubai hili watu wananong'ona kwamba mwanamke huyu alimuua mumewe kwa njaa, na baadhi yetu tumeshaamua kwamba baada ya mazishi arudishe funguo za nyumba.

Lakini mwenyewe alikuwa anasahau, na aliyesahau kwamba amekula husema hajala, kwa moyo mweupe kabisa. Muuguzi, binti yake, alikuwepo Jumapili ile, na ndiye aliyeviosha vyombo vya baba yake muda mfupi kabla dada hajabisha hodi. Kadi ya kliniki inaonyesha uzito wake ukipanda kila alipopimwa, na fundi cherehani yupo hapa, muulizeni, Novemba iliyopita aliletewa suruali ya marehemu kwa ajili ya harusi ya mjukuu, akalazimika kuifumua kiunoni na kuongeza kitambaa, kwa sababu mwenye suruali alikuwa amenenepa.

Hatufichi kwamba mjane aliwahi kumfokea, ukuta ni mwembamba na jirani alisikia, ila katika miaka hiyo yote aliyemwogesha, aliyembadilishia shuka na aliyeulizwa kila asubuhi yeye ni nani, alikuwa yeye peke yake, na sisi wengine tulikuwa wageni wa Jumapili. Inauma kuyasema haya mbele ya jeneza, na inauma zaidi kuyanyamazia.

Marehemu alipatwa na kiharusi akiwa mezani, akakimbizwa hospitali, na akafariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 75.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliomrudisha kila alipopotea, walimu wenzake waliochimba na kupika tangu juzi, na dada yetu kwa mapenzi yake, ambayo hayana ubishi, na tunamshukuru mjane, jina ambalo lingepaswa kuwa la kwanza.

Mwalimu, lala kwa amani, na wewe shemeji, tukitoka makaburini rudi ukapumzike nyumbani kwako, funguo ni zako.