Fundi wa Vioo Ambaye Hakuonja Pombe

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kama Fundi Rula, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa tatu kati ya watano wa dereva wa lori na mshona nguo. Jina la Rula alilipata utotoni, kwa kuwa nyumbani kwao hakuna meza, mlango wala paka aliyesalimika bila kupimwa.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1980. Sekondari aliishia kidato cha pili, baada ya baba kuvunjika kiuno barabarani. Aliingia chuo cha ufundi kusomea useremala, lakini haukupita muda akahamia vioo. Alisema mbao husamehe, kioo hakisamehi, na yeye alitaka kazi isiyosamehe.

Mwaka 1987 aliajiriwa kwenye karakana ya vioo, akadumu hapo miaka kumi na tisa. Mwaka 1993 alitumwa kuweka kioo kwenye dirisha la shule. Kioo kikaja kifupi. Akarudi na kingine, nacho kikapwaya. Mwalimu wa darasa la kwanza akamwuliza kama kweli yeye ni fundi. Akajibu kwamba fundi hakosei mara mbili pasipo sababu. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994, wakajaliwa mabinti wawili.

Ugonjwa ulianza mwaka 2004, kwa mguu wa kushoto uliokuwa ukiburuta jioni. Kisha vidole vikafa ganzi, akawa anayumba. Na mtu akiyumba, watu hawamwulizi kuhusu mguu, wanamnusa mdomo. Agosti 2006 aliangusha kioo cha mlango wa duka, na mwenye karakana akamwamuru apumue mbele ya wenzake wote. Hakukuwa na harufu yoyote. Alifukuzwa hata hivyo. Kaka yake mkubwa naye akamweka kikao, akamtaka aache kuiaibisha familia. Marehemu hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, na aliagiza sentensi hii isomwe kwa sauti.

Alitibiwa mgongo, akatibiwa mawazo, akaambiwa apumzike. Mei 2009 ndipo daktari wa mishipa ya fahamu alipompiga picha ya ubongo na kumweleza kwamba ana maltipo sklerosisi: kinga ya mwili humgeuka mwenyewe na kuguguna utando wa mishipa yake ya fahamu. Dawa zilikuwepo, ila za wale ambao ugonjwa huwashika na kuwaachia. Wake ulikuwa ule usioachia.

Kaka aliposikia alikuja na matunda. Akasema, "Angalau sasa tumejua si pombe."

"Mimi nilijua tangu mwanzo," marehemu akamjibu, na matunda yakabaki mezani hadi yakaoza.

Ikaja fimbo, yakaja magongo, kikaja kiti cha magurudumu ambacho hakikupita kwenye mlango wa bafu. Aliliona hilo kwa jicho kabla hakijashushwa garini. Mke wake aliacha kufundisha kabla ya wakati, na binti mkubwa akaacha chuo cha uuguzi ili wasaidiane kumwinua. Jambo hilo la binti lilimwuma kuliko mwili wote. Alikuwa mkali, alitukana, siku nyingine aligeuzia ukuta uso asiseme na mtu. Wageni wakapungua. Wachache waliobaki walimsifu kwa uvumilivu, wakaaga upesi.

Januari mwaka huu, sauti ikiwa imekwisha karibu yote, alimwita mke wake amsogelee. "Msije mkaandika kwamba nilivumilia," alisema. "Sikuvumilia. Sikuwa na pa kwenda." Hatukuandika.

Nimonia ilimshika mwishoni mwa mwezi huo. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Februari 2023, binti yake mkubwa akimlowanisha midomo kwa pamba. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mmoja wao akiwa hana cheti wala kazi, mjukuu ambaye hakuwahi kuweza kumpakata, dada watatu, na kaka mmoja. Ndugu wote wamefika leo, na wamefika mapema.

Amani aliyoikosa akiwa macho, aipate usingizini.